Ngao ya Shule Yetu: Sifa ya Ubora ni ya Nani?

Mwezi Februari 2023, siku chache baada ya Baraza la Mitihani la Taifa kutangaza matokeo ya kidato cha nne, shule niliyosoma ilichinja ng'ombe. Ni shule ya serikali iliyoko wilayani kwetu Kasese, na jina lake sitalitaja. Atakayesoma hadi mwisho ataelewa kwa nini. Tulikuwa tumewapita wenzetu wa shule nyingine za serikali za upande wetu. Maturubai yalifungwa uwanjani, bendi ya tarumbeta ikakodiwa, na wageni waliotoka mjini wakatuletea ngao ya mbao yenye maandishi ya rangi ya dhahabu yanayosema kwamba shule yetu inatambuliwa kwa ubora wa elimu.

Mimi nilikuwa miongoni mwa watahiniwa waliofanya vizuri, kwa hiyo niliitwa mbele kuishika ngao upande mmoja huku mwalimu mkuu akiishika upande wa pili. Picha ile mama ameitundika ukutani nyumbani kwetu Nyakalengija, karibu na kalenda, na kila mgeni huonyeshwa kabla hajapewa chai. Nakiri kwamba nilifurahi. Wazazi wengi waliokuwa chini ya yale maturubai ni wakulima wa kahawa na wapagazi wa mlima Rwenzori, watu ambao miaka yote walizoea kusikia shule nzuri zikitajwa redioni na zote ziko Kampala na Wakiso. Siku ile waliisikia yao. Kuna mzee mmoja alicheza mpaka kofia ikamwanguka, na hakuinama kuiokota.

Lakini kwenye ile picha, nyuma kabisa, karibu na jiko la kuni, yumo kijana aliyeshika benchi begani. Nitamwita Masereka. Kwetu Wakonzo hilo ni jina la mtoto wa kiume wa tatu, na kwa kuwa yumo katika karibu kila boma, nikisema Masereka sijamtaja mtu. Yeye ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Tulianza kidato cha kwanza siku moja, tukakaa dawati moja, na siku ya sherehe alikuja kusaidia kubeba mabenchi kwa sababu hakualikwa kukaa juu yake.

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na madarasa yetu hayakufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Karibu miaka miwili. Mwezi Mei 2020, tukiwa nyumbani, mito inayoshuka kutoka mlimani ilifurika, ukiwemo Mubuku unaopita kwetu, na familia ya Masereka ilipoteza shamba la kahawa lililokuwa karibu na maji. Yeye akaanza kuchota mchanga na kuponda kokoto za kuuza. Mimi baba yangu alikuwa na redio na vitabu vya kaka yangu aliyetangulia, na nilikuwa na taa ya sola. Shule ilipofunguliwa tuliingia kidato cha nne pamoja, lakini hatukuwa tena wanafunzi wa aina moja. Masereka alikuwa amesahau hesabu nyingi. Jiografia aliijua kuliko sisi sote, hasa mambo ya milima na barafu, kwa sababu baba yake alikuwa mpagazi na alimsimulia njia nzima kambi kwa kambi.

Ulipofika wakati wa kujiandikisha kwa mtihani, wanafunzi kumi na mmoja waliitwa ofisini. Waliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba kwa faida yao wenyewe ingefaa wajiandikishe katika kituo kingine, shule ndogo iliyo mbali kidogo, ambako mambo yangekuwa mepesi kwao. Wengine walikubali. Wawili waliacha shule. Masereka alikubali. Walimu hawakukosea hesabu yao: alipata daraja la nne, na daraja lile lingetushusha. Sisi tuliobaki tulijua kilichofanyika. Hakuna aliyeuliza.

Basi swali ninalotaka kulijadili ni hili: shule ya umma inaposifiwa kwa ubora, kinachosifiwa ni nini hasa, na je, shule inaweza kustahili sifa hiyo baada ya kuwaondoa wale wanaoipunguzia?

Wapo watakaosema swali limekwisha jibiwa, kwamba huo ni udanganyifu na udanganyifu ni vibaya. Sidhani ni rahisi hivyo. Hakuna tarakimu iliyobadilishwa. Waliofanya mtihani katika shule yetu walifaulu kweli, kwa jasho lao na la walimu wao. Mwalimu wetu wa kemia alikuwa akija Jumamosi kwa miguu bila kulipwa. Kama ngao inasema kwamba watahiniwa wa shule hii walifanya vizuri, ngao inasema kweli. Tatizo ni kwamba ngao haisemi hivyo. Inasema shule ni bora. Na kutoka sentensi ya kwanza mpaka ya pili kuna hatua ambayo tunaivuka bila kuangalia chini.

Acha nieleze kwa kitu tunachokijua kwetu. Nyakalengija ndipo watalii wengi wanapoanzia safari ya kupanda Rwenzori. Pako kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kambi ya John Matte iko karibu mita 3,400, kambi ya Elena karibu 4,500, na kilele cha Margherita ni mita 5,109. Sasa chukua watu wawili. Wa kwanza ameamkia Elena, amepanda mpaka Margherita: mita kama 600. Wa pili ametoka Nyakalengija na kuishia John Matte: mita kama 1,800, kupitia msitu wenye matope. Ukiuliza nani yuko juu, jibu ni la wazi. Ukiuliza nani amepanda zaidi, jibu linageuka. Tunapopanga shule kwa matokeo ya mtihani tunauliza swali la kwanza, kisha tunatoa zawadi kana kwamba tumeuliza la pili.

Na kila mwanafunzi wa Uganda anajua kwamba shule hazianzii mahali pamoja. Alama bora kabisa katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi ni jumla ya 4, yaani 1 katika kila somo kati ya masomo manne. Shule zenye majina huchagua waliopata 4, 5, 6 na wengine wachache. Mpango wa elimu ya sekondari kwa wote, ulioanza mwaka 2007, ulifungua mlango kwa watoto waliopata hadi jumla ya 28. Shule inayopokea wenye 28 imeanzia Nyakalengija. Shule inayopokea wenye 4 peke yao imeanzia Elena, tena baada ya kulala vizuri. Mwanafalsafa John Rawls, katika kitabu chake A Theory of Justice cha mwaka 1971, alikwenda mbali zaidi: alisema hata ile nia ya kujitahidi, ambayo ndiyo tunayopenda kuisifu mno, hutegemea kwa kiasi kikubwa familia na mazingira ambayo mtu hakuyachagua. Sikubaliani naye kwa kila kitu. Ninajua watu waliojitahidi kutoka mahali pasipo na chochote. Lakini nikikumbuka taa yangu ya sola na kokoto za Masereka, siwezi kusema kwamba jitihada zangu zote zilikuwa zangu.

Hapa lugha yetu inanisaidia. Kiswahili cha kwanza nilichokijua ni kile cha sokoni Mpondwe, mpakani na Kongo, ambako shangazi yangu wa Bwera huuza vitambaa. Nilipoanza kusoma Kiswahili sanifu chuoni, neno moja lilinishangaza: kushinda. Mtu hushinda mashindano, na mtu hushinda mahali, yaani hukaa hapo mchana kutwa. Tunasema mtoto ameshinda shuleni, na tunasema ameshinda njaa, maana yake amekaa siku nzima bila kula. Wanafunzi wa kutwa katika shule nyingi za serikali hushinda njaa kwa maana hiyo. Chakula cha mchana ni mzigo wa mzazi, na mzazi asipokuwa nacho, mtoto hukaa darasani tumbo tupu hadi jioni. Mtoto wa namna hiyo anaposhinda shuleni siku baada ya siku kwa miaka minne, ameshinda kitu au hajashinda? Wenzangu wa isimu wataniambia kwamba ni maana mbili tu za neno moja na nisiwe mshairi. Sawa. Lakini shule yetu ilihesabu maana moja ikaiacha nyingine.

Nakuja kwenye pingamizi ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu, na ambalo rafiki yangu mmoja anayesomea uuguzi alinitupia usoni. Alisema: mgonjwa akiwa kitandani hataki muuguzi aliyetoka mbali, anataka muuguzi anayejua kipimo cha dawa. Ukianza kusifu umbali badala ya kimo, utawafundisha watoto wa maskini kuridhika na daraja la nne kwa sababu wamejitahidi. Hiyo ni dharau nyingine iliyovaa nguo ya huruma.

Ni pingamizi zito na sehemu yake kubwa ni kweli. Sitaki Masereka apewe daraja la kwanza la bandia. Yeye mwenyewe angecheka. Ila nadhani rafiki yangu amechanganya vitu viwili vinavyofanana. Cheti cha mtu kinajibu swali la mwajiri, la chuo, la mgonjwa: mtu huyu anaweza nini leo? Hapo kimo ndicho kinachotakiwa, na hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Sifa ya shule inajibu swali tofauti kabisa: mahali hapa panawafanyia nini watu wanaoingia? Hapo kimo peke yake hakisemi kitu. Daktari hasifiwi kwa sababu wagonjwa wake walikuwa wazima walipofika. Na daktari anayewarudisha nyumbani wagonjwa mahututi ili hesabu ya vifo hospitalini ipungue, huyo hata tukimpa ngao hatutampelekea mtoto wetu.

Kwa shule ya umma kuna jambo la ziada. Shule ya mtu binafsi ina haki ya kuchagua, ingawa hata hapo nina maswali yangu. Lakini shule ya umma ni ya umma, na umma haujichagui. Haiwezekani nikasema jiko hili ni la familia yote kisha nikawatoa nje wanaokula sana siku ya kupiga picha. Masereka hakuwa mgeni aliyeletwa kuongeza idadi. Baba yake alilipa kodi, na pia alibeba mawe ya msingi wa lile bweni, kwa sababu wazazi waliombwa kubeba mawe. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kosa la shule yetu lilikuwa dogo kwa sababu wale waliokubali walifanya mtihani mahali fulani. Kilichochukuliwa kutoka kwao hakikuwa mtihani. Waliambiwa kwamba walikuwa wetu mpaka siku ya kuhesabiwa.

Je, kuna sifa iliyowahi kutolewa kwa njia nyingine? Ipo, na si mbali. Machi 2019, mjini Dubai, tuzo ya mwalimu bora duniani, yenye thamani ya dola milioni 1, ilitolewa kwa Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko aliyekuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya serikali ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, kaunti ya Nakuru nchini Kenya. (Pwani hiyo haina bahari, iko bara kabisa, kwenye Bonde la Ufa.) Shule ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha. Wanafunzi wengi mno walitoka katika familia maskini, wengi ni yatima au wenye mzazi mmoja, na wapo waliotembea kilomita 7 kufika. Mwalimu mwenyewe alikuwa akitoa asilimia 80 ya mapato yake kusaidia watu. Wanafunzi wa Keriko walifika hadi mashindano ya sayansi huko Marekani. Kilichonivutia zaidi, hata hivyo, ni jambo ambalo magazeti yalilipita haraka: katika miaka michache idadi ya wanafunzi ilikuwa imeongezeka maradufu na kufika 400, na kesi za utovu wa nidhamu zikapungua. Shule ilisifiwa huku ikiwaongeza watoto, wakiwemo wale ambao wengine wangewaona hasara. Shule yetu ilisifiwa ikiwa imewapunguza.

Hata hapo nina neno. Tuzo ilimwendea mtu mmoja, na walimu wengine wa Keriko, ambao nao waliingia darasani kila asubuhi, tunawajua kwa kubahatisha tu. Tabichi alipopokea aliwataja wanafunzi wake kuwa ndio sababu ya yeye kusimama pale. Ndivyo inavyofaa. Ila ukiona mpokeaji analazimika kuigawa sifa kwa maneno, ujue aliyeitoa hakuigawa.

Wengine wameamua kwamba dawa ni kunyamaza. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kupanga shule na watahiniwa kwa matokeo ya mitihani ya taifa, na mjadala haujaisha tangu hapo. Januari 2023, wakati sisi tukisubiri matokeo yetu, Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule 10 bora na wanafunzi 10 bora, likisema utaratibu ule hauna tija. Naiheshimu hatua ile, lakini sioni kama inatosha. Mzazi atajumlisha mwenyewe kwa kalamu. Mwenye shule ya kulipia atabandika bango barabarani. Na yule mzee wa kofia atanyimwa siku yake ya kucheza, jambo ambalo mimi silitaki hata kidogo. Watu wa kwetu wana haki ya kufurahia shule yao. Ninachotaka ni kwamba, siku ya kufurahi, zisomwe namba mbili kwa sauti: walioingia kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na walioketi kwenye mtihani hapa hapa walikuwa wangapi. Zikikaribiana, pigeni tarumbeta hata kama madaraja ya kwanza ni machache. Zikiachana, mtu asimame aeleze wengine walikwenda wapi. Wapo waliohama, wapo walioolewa, wapo waliofariki. Wapo pia walioitwa ofisini.

Miezi minne baada ya sherehe yetu, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF waliishambulia shule ya sekondari huko Mpondwe-Lhubiriha, karibu na Bwera. Waliua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala bwenini. Sitaki kuutumia msiba ule kama mfano wa hoja, kwa sababu si mfano. Nautaja kwa ajili ya kilichofuata. Shangazi yangu alikuwa na binti katika shule nyingine ya upande ule. Kwa majuma kadhaa alimfungia nyumbani, kisha asubuhi moja akamvalisha sare akamsindikiza hadi getini, na akakuta mwalimu wa zamu amesimama pale akiita majina kama kawaida. Aliniambia kwamba mwalimu yule alikuwa akitetemeka. Nimetafuta katika kila fomu ya kutambua shule bora ninayoweza kuikumbuka, sioni mahali ambapo asubuhi ile ingeandikwa. Lakini kama kuna siku niliyosikia shule ya umma ikifanya kazi yake bora kabisa, ni ile niliyosimuliwa na shangazi.

Likizo iliyopita nilikwenda kumwona Masereka. Sasa ni mpagazi kama baba yake, na nilimkuta akipima mizigo kabla ya safari ya kundi la watalii. Nilimwambia kwamba nimeombwa kuandika insha na kwamba nataka kuandika juu ya ile ngao, kama hatachukia. Akasema niandike. Akafunga kamba ya mzigo mmoja, akaupima tena kwa mkono, kisha akaniuliza kama nitaandika pia kwamba mimi nilijua tangu siku walipoitwa, na kwamba nilikaa kimya. Nikamwambia nitaandika. Akaniomba nimshikie upande wa pili wa turubai alikunje.